Wametuonyesha picha za maghorofa, tukasaini mahudhurio. Sasa tufanye nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa katikati ya mji wetu, makao makuu ya mkoa. Nyumba yetu ni ya urithi, aliijenga babu: vyumba sita, wapangaji wanne, na mbele fremu mbili. Wiki iliyopita halmashauri ilituita ukumbini pamoja na mshauri mwelekezi. Walituonyesha kwenye projekta picha za maghorofa, miti, na watu wanatembea na watoto wao. Wakasema eneo lote kuanzia soko la zamani hadi stendi litajengwa upya, na kwamba mkutano ule ndio ushirikishwaji wa wananchi. Tulisaini mahudhurio, tukapewa maji na nauli, tukaondoka. Mwezi ujao kuna mkutano wa pili. Mtaani wengine wanasema tususie, wengine tuukatae mradi wote. Mimi naona mji kweli umechakaa. Tufanye nini ili sauti yetu ihesabiwe? (Samahani kwa makosa, barua nimechapiwa na kijana wa steshenari hapa barazani kwetu.)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda kwenye huo mkutano, tena uwahi kiti cha mbele. Anayesusia haandikwi kwenye muhtasari kuwa amekataa, haandikwi kabisa. Na wale wanaotaka mradi wote ukataliwe nisingewafuata, kwa sababu uliyoisema mwenyewe. Bomba la majitaka lililolazwa kwa ajili ya nyumba za vyumba sita haliwezi kuendelea kubeba gesti, fremu na migahawa iliyoota juu yake. Mji wenu utajengwa upya, mkitaka msitake. Ama utajengwa kwa mpango, ama kiwanja kimoja kimoja, kila mwenye hela kwa nafasi yake. Kariakoo imeota kwa njia hiyo ya pili: nyumba ya chini imevunjwa, kiwanja kilekile kimesimamishwa ghorofa nane au kumi, na mtaro mbele ni uleule.

Kuhusu ile saini. Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba siku ile ulikuwa ukumbini. Tatizo ni safari yake baada ya hapo. Hubanwa nyuma ya ripoti kama kiambatisho, na ofisa atakayeifungua Dodoma miezi sita baadaye ataona majina mia mbili na saini mia mbili, aamini kuwa watu mia mbili walielezwa, wakaelewa, wakaridhia. Kwa hiyo wiki hii, kabla hujafanya lingine, andikeni barua kama kamati ya mtaa kwenda kwa mkurugenzi, ipitie kwa mtendaji wa mtaa na wa kata, muombe muhtasari wa mkutano ule na nakala ya mchoro. Nimesema mchoro, picha waachieni wenyewe. Picha yenye miti na watoto ni ya kutia hamu. Mchoro una namba za viwanja, upana wa barabara na rangi za matumizi ya ardhi, na huo ndio utakaoidhinishwa. Barua igongwe muhuri wa mtaa, nanyi mbaki na nakala iliyoandikwa "imepokelewa" na tarehe. Siku ya mkutano wa pili someni kichwa cha karatasi ya mahudhurio kabla ya kuandika jina. Nimewahi kushika karatasi ambayo kichwa kiliachwa wazi.

Mkiomba hayo hamuombi hisani. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inaitaka halmashauri itangaze nia yake ya kupanga, ikutane na wenye ardhi na taasisi zilizomo katika eneo, iiweke rasimu hadharani ili watu waione na kutoa pingamizi, ndipo iidhinishwe. Kwa hiyo mkutano mmoja hauwezi kuwa "ndio ushirikishwaji". Tena kwa ulivyonieleza, picha zilishachorwa kabla hamjaitwa, maana yake mliitwa kuangalia.

Ulizeni mapema pia fedha zinatoka wapi. Masoko, stendi na barabara nyingi za miji yetu siku hizi hujengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Kama na mradi wenu ni hivyo, unabanwa na masharti ya benki hiyo ya mazingira na jamii yaliyoanza kutumika Oktoba 2018. Masharti hayo yanadai mradi uwe na utaratibu wa kupokea malalamiko, na yanamtambua hata mtu asiye na hati ya ardhi: halipwi ardhi, lakini analipwa alichokijenga na anasaidiwa arudi kwenye kipato chake. Kama fedha ni za mwekezaji binafsi au mapato ya ndani, ngao hiyo hamna, mtasimama na sheria za nchi peke yake. Swali hilo moja, "nani analipia?", lina uzito kuliko hotuba nyingi za kulalamika.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Nimefanya kazi ya mipango miji kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa nilikuwa upande ule wa projekta. Nikwambie siri ya upande ule: kelele hazitutishi. Mtu akisimama akapaza sauti kwamba mradi ni wa matajiri, tunamshukuru kwa mchango wake, katibu anaandika "mjumbe alionyesha wasiwasi", tunaendelea. Anayetutoa jasho ni yule anayefungua daftari akasema, "Kwenye kitalu hiki ninyi mmechora kaya kumi na nane. Sisi tumehesabu hamsini na tatu, majina haya hapa." Hapo mshauri mwelekezi anamtazama mkurugenzi, mkurugenzi anamtazama mshauri mwelekezi. Maoni yanaweza kupuuzwa bila mtu kuonekana mwongo. Hesabu haiwezi.

Hili nilijifunza kwa aibu. Miaka ya tisini tulipanga upya eneo la soko la mji mmoja, nisiutaje. Tulihesabu kila kitu, lakini tulihesabu kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, saa zetu za ofisi. Tukachora njia pana ya waenda kwa miguu, tukasimamisha nguzo za zege ili magari yasipite. Ilipendeza sana. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kazi, saa 9, malori ya nyanya na vitunguu yakafika kama yalivyokuwa yakifika miaka yote, yakakuta nguzo. Soko la jumla lililolisha mji mzima halikuwamo kwenye mchoro wetu, kwa sababu lilikuwa linafunguliwa sisi tumelala na linafungwa kabla hatujaamka. Mwaka haukuisha, nguzo ziling'olewa moja baada ya nyingine, na hakuna aliyekamatwa kwa sababu hata polisi walikuwa wanakula nyanya hizohizo. Wale wachukuzi hawakususia mkutano wetu. Mkutano ulikuwa saa 4 asubuhi, nao ndiyo kwanza walikuwa wamejinyoosha kulala.

Basi mna mwezi mmoja, nao unatosha. Ligaweni eneo, kuanzia soko la zamani hadi stendi, katika vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuvizunguka kwa saa mbili. Chukueni vijana wa mtaa wenye mwandiko unaosomeka, na kila kipande kipitwe mara nne: saa 10 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 4 usiku. Daftari la kawaida la kaunta linatosha, simu ni ya kupigia picha. Andikeni namba ya kiwanja. Jina lililo kwenye hati au ofa, na jina la anayeishi humo kweli, kwa kuwa mara nyingi la kwanza ni la marehemu. Andikeni vyumba na aliye katika kila chumba, fremu, na aliyepangishwa fremu na aliyepangishiwa tena na mpangaji, maana katikati ya mji fremu moja hukutwa na watu watatu ndani yake, mmoja ana mkataba, mwingine ana kilemba alicholipa, wa tatu ana meza tu. Andikeni anayekodi ukuta wa nje kutundika nguo, anayelaza mikokoteni uani, mama lishe na idadi ya sahani anazouza, fundi viatu, bomba la maji ambalo mtaa mzima huchota, mti ambao bodaboda hupumzika chini yake, msikiti na kiwanja cha wakfu, kaburi kama lipo. Mtaro unaojaa mvua za masika upimwe kwa kijiti na picha, maji yamefika wapi ukutani.

Mtaniuliza mti na kijiwe vinaingiaje kwenye mpango wa mji. Vinaingia. Wazanzibari wamewahi kufanya jambo hilo kwa upana, na mimi nawaonea wivu. Ng'ambo, ule upande wa pili wa hori la Darajani, ulidharauliwa na karibu kila mpango. Mpango wa hifadhi wa 1994 ulikuwa wa Mji Mkongwe, na Mji Mkongwe ndio ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, ilhali watu wengi wa mji walikuwa wakiishi Ng'ambo. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1960, wataalamu wa Ujerumani Mashariki walichora mpango ulioleta majumba marefu ya Michenzani. Nyumba za watu zilivunjwa kupisha. Nisiseme uongo, waliovunjiwa walipewa fleti na wengi walizifurahia umeme na choo cha ndani. Lakini hakuna aliyekuwa ameandika kwamba mtu wa Ng'ambo huishi nusu ya siku yake barazani, na ghorofa ya tano haina baraza.

Ilipoamuliwa katikati ya miaka ya 2010 kwamba Ng'ambo ndiyo iwe kitovu kipya cha jiji, idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikishirikiana na jiji la Amsterdam na wasanifu wa African Architecture Matters, haikuanza na picha. Walipita mitaani kuorodhesha majengo na mahali ambapo watu hukutana na pana maana kwao, wakafanya warsha na wakazi, ndipo ukaandikwa mpango wa eneo. Wakauita "Ng'ambo Tuitakayo". Sisemi kila kilichoandikwa mle kimejengwa, wala kwamba kila ghorofa linaloota Zanzibar sasa linaufuata. Lakini mambo yale yalishaandikwa na kuchorwa, na anayetaka kuvunja lililoandikwa hulazimika kueleza. Tena hawakuwa watu wa kuonewa kirahisi: Ng'ambo hiyohiyo mwaka 1928 iligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja mpaka serikali ya kikoloni ikatetemeka.

Mfano wa bara uko Magomeni Kota, Dar es Salaam. Wapangaji wa zile nyumba za zamani za serikali waliondolewa, nyumba zikavunjwa, na eneo likakaa wazi miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kuwajengea, na Machi 2022 Rais Samia alizizindua fleti, 644, kwa ajili ya kaya 644. Tazama hiyo namba. Karibu miaka kumi kila mtu yuko kwake, wengine wamekufa, watoto wamekua, lakini hesabu ya kaya zilizokuwapo haikupotea, na madai yao yalikuwa na majina. Kama wangekuwa "wakazi wa Magomeni" tu, unafikiri wangerudi wangapi? Vilevile soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 na kukarabatiwa, kazi ngumu haikuwa saruji. Ilikuwa kuhakiki nani alikuwamo ndani kabla ya moto. Ninyi mna bahati, kwenu hakujaungua wala kuvunjwa. Mashahidi wote wa daftari lenu bado wako hai na wako kwenye vibanda vyao.

Daftari likijazwa, lipelekeni kwenye mkutano wa mtaa, lisomwe, watu wasahihishe, lipitishwe na liwe sehemu ya muhtasari wenye muhuri. Nakala moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa diwani, moja kwa mkurugenzi, moja ibaki nje ya ofisi kabisa, kwa mtu asiyependa siasa. Taarifa za watu kama namba za simu na kiasi cha kodi ziwekwe kwenye nakala ya kamati tu. Hizo hazihitajiki kwenye mkutano, na madalali wana masikio.

Tuje kwenye fidia, maana najua ndiyo inayowakosesha usingizi. Mradi ukichukua ardhi, mwenye ardhi analipwa thamani ya soko ya kiwanja na maendelezo yaliyopo juu yake, pamoja na posho ya usumbufu na ya usafiri. Kanuni za mwaka 2001 zinaongeza posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko ya miezi 36, na kwa mwenye biashara hasara ya faida, ambayo ni faida halisi ya mwezi mara 36. Hapo pana mtego. Faida inataka ushahidi wa hesabu, na hesabu zilizokaguliwa zinapendwa. Mwenye duka la vipuri aliyekuwa anawaficha watu wa kodi nusu ya mauzo yake kwa miaka kumi atashangaa siku ya uthamini, kwa kuwa serikali itamlipa kwa ile nusu aliyoionyesha. Mama lishe hana hesabu za mkaguzi, basi aanze leo kuandika: unga kilo ngapi, mkaa, sahani zilizouzwa. Miezi mitano ya daftari la mafuta-mafuta ni bora kuliko kiapo. Jueni pia kwamba fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, ikichelewa inadai riba, na chini ya Sheria ya Uthamini ya 2016 uthamini ukikaa miaka miwili bila kulipwa unakufa na kazi inarudiwa. Yeyote atakayewapimia nyumba halafu akanyamaza, wekeni tarehe ukutani.

Utagundua sijamtaja mpangaji wa chumba. Sheria zetu zinamtazama mwenye ardhi. Yule anayelala chumba cha tatu kushoto tangu mwaka 2009 anaweza kuondoka na notisi tu. Katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, hao ndio wengi, na ndio wanaofanya katikati ya mji pawe na watu saa 3 usiku. Njia ya kuwalinda ni kuliweka suala lao kwenye mpango wenyewe kabla haujaidhinishwa: idadi ya vyumba vya bei ya chini vitakavyojengwa humohumo, na haki ya waliomo kwenye daftari kupewa nafasi ya kwanza. Baada ya mpango kuidhinishwa hakuna mlango wa kubisha. Najua wewe ni upande wa wenye nyumba. Ndiyo maana nakuambia wewe, wao hawakualikwa ukumbini.

Na hapo kwenye upande wa wenye nyumba, niruhusu nikuulize jambo la ndani. Babu alipofariki, mirathi ilifunguliwa? Migogoro mingi ya fidia niliyoiona haikuwa kati ya wananchi na halmashauri. Ilikuwa kati ya shangazi na watoto wa baba mdogo, hundi ikiwa imeshaandikwa jina la marehemu. Kama hamjafungua, kaeni kikao cha ukoo mwezi huu, mteue msimamizi, muende Mahakama ya Mwanzo. Ni kazi ya miezi michache ikifanywa kwa utulivu, na ya miaka ikifanywa baada ya hela kutajwa.

Inawezekana pia halmashauri isichukue ardhi kabisa. Itabadili mpango uruhusu ghorofa, kisha wenye fedha watawafuata mmoja mmoja: wewe una kiwanja, mimi nina mtaji, tujenge tugawane. Si mbaya yenyewe. Nusu ya Kariakoo imejengwa hivyo. Ila madalali watakwambia "utapata ghorofa tatu kati ya nane" na wewe utafurahi, halafu siku ya kugawana unapewa ya sita, ya saba na ya nane. Hela ya katikati ya mji iko chini, mlangoni, mguu wa mteja unapokanyaga. Katika mkataba dai sehemu ya ghorofa ya chini kwa mita za mraba, na hati ya kiwanja isiwekwe rehani benki bila saini za familia. Wakili awe wenu, asiwe "wakili wetu sote". Na kibali cha ujenzi kionekane kwa macho, pamoja na jina la mhandisi atakayesimamia. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka likaua watu 36, na Novemba 2024 likaporomoka lingine Kariakoo lenyewe, watu wakiwa madukani.

Siku ya mkutano wa pili, wasemaji wenu wasizidi watatu, na mmoja awe mwanamke anayeuza sokoni. Mmoja afungue daftari, asome tofauti kati ya hesabu yenu na yao, kisha akae. Wa pili aulize maji ya mvua na majitaka yatakwenda wapi, na kwa bomba la inchi ngapi. Tuchukue nyumba yenu: leo watu ishirini, kesho ghorofa nane zenye fleti thelathini na maduka chini, watu mia na ushee. Mshauri akijibu "miundombinu itaboreshwa", aulizwe ni kabla ya ghorofa au baada, na iko kwenye bajeti ya mwaka gani.

Wa tatu aulize wafanyabiashara watakuwa wapi wakati wa ujenzi. Hapa ndipo miradi mingi ya masoko huvunjikia. Mtaambiwa mtahamishiwa "eneo la muda" nje ya mji kwa miezi kumi na minane. Mteja hahami na wewe. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilijengwa kwa ajili ya wamachinga hasa, likakaa miaka sehemu kubwa tupu, kwa kuwa wateja walipita chini barabarani na hakuna aliyetaka kupanda ngazi kununua soksi. Pendekezo lenu liwe kujenga kwa awamu: uwanja wa nyuma wa soko au eneo la stendi ambalo ni la halmashauri lijengwe kwanza, nusu ya soko ihamie humo, ndipo nusu iliyobaki ivunjwe. Inachelewesha mradi, na mkandarasi atalalamika kuhusu gharama. Mwacheni alalamike. Gharama hiyo ipo hata asipoilipa, tofauti ni kwamba atakuwa ameilipa muuza dagaa.

Ombeni pia tarehe ya mwisho. Eneo likishatangazwa kuwa la mradi, watu huambiwa wasijenge wala kukarabati, na benki hazikopeshi. Watu wa Kigamboni wanakumbuka: mpango wa mji mpya ulioanza kutajwa mwaka 2008 uliwafunga mikono kwa miaka, mwishowe mradi wenyewe haukuja kama ulivyotangazwa. Iandikwe kwenye muhtasari kwamba zuio, kama lipo, litakoma tarehe fulani fedha zisipopatikana. Paa la babu haliwezi kuendelea kuvuja likisubiri mkopo.

Anzeni hesabu na nyumba yenu, mwanangu, wengine waige. Umeniandikia wapangaji wanne na fremu mbili. Yule kijana wa steshenari aliyekuchapia barua hii, anayekaa barazani kwenu, umemweka mstari wa ngapi?